Bustani Niliyoingojea Miaka Saba

Jumamosi, 17 Februari

Ufunguo ninao mkononi. Miaka saba kwenye foleni ya chama cha bustani kinachokodisha viwanja vya kulima, na leo mwenyekiti amenipa – mdogo, wenye kutu, umefungwa kamba nyekundu. Kabla hajauachia akauliza kama nina hakika. Kuna familia changa zinangoja, na mimi nina sabini na sita. Nikamwambia miaka yangu naijua, yote nilikuwepo. Akauachia.

Kiwanja chenyewe ni aibu. Upupu, miiba, beseni la kuogea limezama nusu ardhini, kibanda kisichofunga mlango. Lakini udongo! Nimeuchimbua kwa kidole: mweusi, laini, unanukia. Mwenye kiwanja aliyepita alikuwa mvivu, ila udongo haukumwiga.

Nimerudi na tramu, kucha zimejaa matope. Dereva kanipigia kengele. Nimestaafu kuendesha tramu zamani, lakini Leipzig nzima madereva wenzangu bado wananijua.

Jumapili, 18 Februari

Nimechora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Sheria ya chama: theluthi ya kiwanja iwe mboga na matunda. Sawa. Viazi, njegere, figili, vitunguu, maharage yanayotambaa juu ya vijiti. Kinachobaki ni changu, na changu ni maua. Maua ya kukata, ya kuweka mezani, ya kubeba mkononi ndani ya tramu watu wakageuka. Dalia. Zinia. Peoni, lile ua zito linaloinamisha kichwa kama limelewa.

Miaka yote ya kazi nilinunua maua ya stesheni, yaliyofungwa plastiki. Ya Jumamosi yalikufa Jumanne.

Jumatano, 28 Februari

Kung'oa miiba siku nzima. Jirani amejitokeza juu ya uzio wa miti: Bwana Opitz, mjane, mwenye kofia ya sufu. Ndiye anayepimia chama urefu wa uzio – ana rula yake mwenyewe. Akauliza nalima au nazika mtu. Nikamjibu bado sijaamua, inategemea jirani ataongea kiasi gani. Akacheka mpaka akashika mti.

Baadaye ameniazima toroli. Gurudumu linalia, lakini linakwenda.

Jumamosi, 9 Machi

Heiko amekuja kutoka Magdeburg. Mwanangu ni mtu wa bima, kwa hiyo huona ajali hata kwenye kikombe cha chai. Amekuta madirisha yote yamejaa trei za miche, hakupata pa kuweka miwani yake.

Tumekula supu ya viazi. Akala vizuri, kisha akaweka kijiko chini. Nikajua.

– Mama, ngazi za ghorofa ya nne hizi. Mkono wako ulivunjika wapi mwaka juzi? Si hapo hapo?

Kuna nyumba ya wazee karibu na kwake Magdeburg. Chumba cha chini, kibaraza, muuguzi akiitwa anakuja. Nikasema nashukuru, sitaki. Halafu ikatoka: ameshaniandikisha. Jina tu, kasema, halikufungi.

Jina langu. Nilidhani ni langu.

Sikugombana naye. Nilimpa trei ya zinia aishike nikifuta kingo za dirisha, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Ameondoka saa tisa. Tumekumbatiana mlangoni, kwa muda mfupi kuliko kawaida.

Jumapili, 17 Machi

Njegere chini. Figili chini. Beseni la kuogea limetoka! Tulilivuta mimi na Opitz kwa kamba. Analitaka kwa maji ya mvua. Alichukue. Mgongo unauma vizuri.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeanguka. Niliteleza kwenye tope nikaenda chini kando ya tuta la vitunguu. Hakuna kilichovunjika. Ila kuinuka – mkono ulikataa, goti likakataa, nikabaki nimelala natazama mawingu. Sikuogopa mara moja. Niliogopa baadaye kidogo, baridi ilipoingia mgongoni.

Opitz alikuja. Alinishika kwapani, akaninyanyua, akanikalisha kibandani na kahawa yake. Mpaka nilipomaliza kikombe ndipo akasema:

– Bi Roswitha, siku nyingine piga kelele. Nilidhani umejipumzisha.

Nikamwomba yaishie hapo hapo. Akasema yeye anapima uzio tu, hatangazi redioni.

Kesho sitakwenda. Keshokutwa nakwenda.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda.

Jumanne, 2 Aprili

Miche ya zinia imenyooka. Figili zimetoa majani mawili mawili. Nimetembea katikati ya matuta yangu kama mkaguzi wa tiketi.

Nimeagiza mizizi ya asparagasi. Na peoni mbili, ziko kwenye vyungu. Opitz akatikisa kofia. Asparagasi hailiwi mwaka huu, wala mwakani. Mwaka wa tatu ndio unakata machipukizi ya kwanza, na machache tu. Na peoni nazo hazina haraka.

– Bi Roswitha, mtu wa umri wetu anapanda figili.

Nimemwambia figili nimeshapanda.

Ijumaa, 12 Aprili

Heiko kapiga simu. Chumba kimepatikana. Mtu amefariki, kwa hiyo kimepatikana – hakusema hivyo, nimesema mimi. Wanataka jibu kesho mchana, wataipigia simu yake, la sivyo wanampa mwingine. Anakuja asubuhi tuzungumze ana kwa ana.

– Na ukianguka, mama? Peke yako kule bustanini?

– Nilishaanguka. Mwezi uliopita.

Nikamsikia anavuta kiti.

– Na hukuniambia.

– Nakuambia sasa. Niliteleza, jirani akaniinua, kesho yake nilipumzika, halafu nikarudi. Ndiyo habari yote.

Akasema hiyo ndiyo sababu hasa. Nikasema hata mimi naona hivyo, ila tunaisoma tofauti. Hakucheka. Nikamwambia asije nyumbani, aje bustanini: mizizi imefika leo, na ikikauka imekufa.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nimeketi juu ya ndoo. Mvua haipo, jua lipo, Opitz amejificha nyuma ya uzio na anasikiliza kila kitu.

Heiko alifika na viatu vya ofisini na karatasi za nyumba ya wazee. Akaanza kuzungumza amesimama. Nikasema nasikia, endelea, lakini mtaro huu bado mfupi na mkono wangu wa kushoto leo haufai. Akatazama mkono. Akatazama sepeto. Akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya uzio.

Alizungumza akichimba: ngazi, muuguzi, kibaraza cha jua. Kisha akawa anazungumza kidogo, anachimba zaidi. Anachimba vizuri, sikujua. Nilimwonyesha: unajenga kituta cha mboji katikati ya mtaro, unaukalisha mzizi juu yake, unaitandaza mikono yake kila upande kama pweza. Wa kwanza aliutupa tu. Nikautoa. Kwa wa pili alipiga magoti.

Mchana umefika, simu imelia ndani ya koti. Akainua mikono, imejaa tope mpaka viwikoni. Akasema, mama, itoe. Nikasema ni yako, si yangu. Ikakoma.

– Hizi zinaliwa lini hasa?

Nikamwambia: mwaka wa tatu.

Akatandaza mwingine, polepole, kidole kwa kidole. Shingo yake imeanza kuwa nyekundu kwa jua.

Inalia tena. Mfuko wa koti unatetemeka, naona kutoka hapa. Heiko bado amepiga magoti. Ananiambia nisogeze ndoo – nimekalia mahali pa mstari wa pili.