Nzi Wenye Macho ya Madoa

Mpepai, 9 Machi 1996

Mwanangu Otilia,

Hapa tu wazima, ila goti la baba yako linamsumbua. Wewe je, unakula?

Watu wa mchumba wako Romanus wamesikia kwamba pacha wako Beata ana kifafa. Mshenga alipokuja tulimficha Liparamba kwa shangazi yenu, sasa wanasema tumewadanganya. Wanasema tumbo moja, damu moja: kifafa unacho nawe, kimelala tu. Wanataka ukae nyumbani mwaka mzima wakutazame kama utaanguka. Baba yako amekubali. Romanus ananunulia kahawa kampuni ya watu binafsi, ana pikipiki, na wewe huko chuoni unafuga nzi. Waache, urudi.

Mama yako

Dar es Salaam, 28 Machi 1996

Mama, shikamoo. Mpe Baba pole. Mimi mzima, na ninakula.

Sirudi.

Nzi hawa wa matunda tunawalea kwenye chupa, kwa uji wa mahindi wenye hamira. Wapo wenye macho mekundu yaliyotapakaa madoa meupe. Seli zote za jicho hilo zina urithi uleule, hata agizo la wekundu zote zinalo. Ila katika baadhi yake agizo limenyamazishwa, na hapo pakawa peupe. Kwa nini seli hii na si jirani yake? Hata walimu hawajamaliza kujua. Sisemi kifafa cha Beata ni cha namna hiyo, sijui. Ninachojua, urithi mmoja hauwafanyi wawili kuwa mmoja, hata ndani ya jicho la nzi.

Na kingenipata, je? Mimi si ng'ombe wa mnadani. Kinachoniuma ni Beata. Kakosa nini hadi afichwe? Kamchukue, Mama. Usipomchukua, usiniandikie tena.

Mwanao

Mpepai, 2 Juni 1996

Marahaba, mwanangu. Goti limepoa.

Nilikukasirikia wiki tatu. Mtoto hamkatazi mama yake kuandika. Nilimsomea baba yako barua yako. Ya nzi hakuyaelewa. Ya ng'ombe aliyaelewa, akatoka nje.

Kisha nikaenda Liparamba. Nilimkuta Beata anakula peke yake nyuma ya jiko, watu wanaogopa mate yake. Akaniuliza, “Mama, wageni wameshaondoka?” Nililia njia nzima ya kurudi naye nyumbani.

Ijumaa mshenga alikuja kuuliza unafika lini. Nikamwambia hufiki. Chakula kilikuwa tayari, Beata akamletea maji ya kunawa. Mshenga akarudisha mikono nyuma. Beata akabaki amesimama na birika lake.

Nikanyoosha mikono yangu mimi, akaninawisha, mbele ya mshenga.

Mama yenu