Herufi Mbili za Uzi Mweusi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu, na natumaini barua hii inakukuta mzima. Kila barua niliyokuandikia ilianza na neno hilo, na siku zote nililiandika kwa mazoea tu. Leo nimeliandika, nikasimama, nikalitazama. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea vizuri sasa kwa mguu ule, na ameanza tena kuwasema majirani mmoja mmoja, kwa hiyo najua amepona.

Utashangaa kuikuta barua ndani ya foronya. Nimempa dobi anayefua mashuka ya nyumba hiyo, kwa sababu nikipiga simu ya hapo unapofanya kazi anapokea Bi Taratibu mwenyewe, tajiri wako, na simu yako haipatikani tangu alipoichukua akasema anaipeleka kwa fundi. Isome ukiwa umefunga mlango. Na kabla ya yote, msikilize dada yako: tangu sasa usile wala usinywe kitu ambacho hukukiandaa kwa mikono yako, hata kama umeletewa kitandani kwa trei na tabasamu. Najua utaniita mwoga. Niite unavyotaka, lakini soma mpaka mwisho. Nimeandika kwa urefu kwa sababu nakujua, bila kupewa sababu hutoki mahali, utakaa hapo ubishane na karatasi.

Kazi yangu unaijua juu juu tu, maana kila nikianza kukueleza unapiga miayo. Watu hutuletea vitambaa vya kale vilivyodariziwa na wasichana waliokuwa wakijifunza kushika sindano. Juu unakuta alfabeti, katikati nyumba, kando ndege wawili walionenepa kuliko miti, na chini herufi za majina ya watu wa familia. Vingi vimechakaa kiasi kwamba ukipiga chafya umeviharibu. Sisi tunahesabu mishono, tunaichora kwenye karatasi ya visanduku, kila kisanduku mshono mmoja wa msalaba, kisha tunadarizi kitambaa kipya kinachofanana na cha zamani mpaka makosa yake. Rangi hatuzisomi upande wa mbele, kwa kuwa mbele jua limekwisha kuzila. Tunakigeuza kitambaa, maana mgongoni uzi bado una rangi ileile aliyoiona yule msichana. Mama Lenzi, mwenye karakana, hutuambia kila siku kwamba mbele ni salamu na nyuma ndiyo habari yenyewe.

Bi Taratibu alipotuletea kitambaa cha ukoo wa mumewe, sote tulimpenda. Jina hilo tulimpa sisi mafundi, kwa vile kila tulipomwomba radhi kwa kuchelewa alisema taratibu jamani, hatukimbizwi. Sauti yake laini, na alimjulia hali kila mtu, hata paka wa karakana. Kitambaa chake kilikuwa na mtindo ambao ni nadra kuuona: walio hai wametiwa herufi zao kwa uzi mwekundu, na waliokufa kwa uzi mweusi. Mtu akifariki, wekundu unafumuliwa na weusi unapita kwenye matundu yaleyale. Ukigeuza nyuma, unaona vipande vya wekundu vimebanwa chini ya weusi. Alitaka nakala mpya yenye familia ya leo, na kwa kuwa kazi ilikuwa ndefu tukazoeana, mpaka akaniuliza kama namjua mtu mwaminifu wa kumtunza mumewe mgonjwa. Nikakutaja wewe. Ulifurahi, mama akafurahi, nami nikatembea kifua mbele kama niliyekuoza kwa tajiri.

Ulipokwisha kuizoea kazi, akaagiza herufi zako mbili zitiwe chini kabisa, pale ambapo kitambaa cha kale kilikuwa na watumishi wa nyumba. Niliziweka mimi mwenyewe, nyekundu, na nilizidarizi vizuri kuliko za wenye nyumba. Kitambaa kikaenda kutundikwa sebuleni kwenu. Unakijua, kwani ndicho unachokipangusa vumbi kila asubuhi.

Haukupita muda akakirudisha. Alitaka herufi za Mzee, mumewe, zigeuzwe nyeusi. Niliweka sindano chini, nikamshika mikono yote miwili, nikampa pole, nikamwombea marehemu alazwe mahali pema. Akaipokea pole yangu. Akainamisha kichwa, akanishukuru, akasema nifanye taratibu. Nikafumua, nikatia uzi mweusi, akaondoka nacho kimefungwa vizuri kwenye karatasi.

Jumapili ukaja kututembelea, ukamsimulia mama huku unacheka kwamba Mzee amekuwa mkorofi, amekataa uji na anadai nyama. Nikakuuliza Mzee yupi. Ukasema nimeanza kuzeeka mimi. Nilinyamaza, mdogo wangu, kwa sababu nilidhani nimekosea mstari. Ndugu yake Mzee aliye mbali ana herufi zilezile, na nikajiambia bila shaka ndiye aliyefariki, nami nimemtia weusi asiyehusika. Mtu anayekula kwa kuhesabu mishono hakubali upesi kwamba amekosea kuhesabu. Nikaona haya kwenda kuuliza. Kabla wiki haijaisha Mzee akafariki kweli, na sikufichi, nilipopata habari kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Niliona kitambaa sasa kiko sahihi.

Mara ya pili alitaka herufi za wifi yake, yule shangazi uliyekuwa ukimhesabia matone ya dawa ya moyo. Safari hii sikuharakisha kutoa pole, nikauliza mazishi ni lini. Akasema bado, lakini madaktari wamekata tamaa, na kwa kuwa sisi mafundi ni wazito ameona aagize mapema. Jibu lilikuwa na akili. Watu wa harusi wanatuagiza mapema, kwa nini wa msiba wasiagize? Nikaifanya kazi. Alipokwisha kukichukua, ukanipigia simu kunieleza kwamba shangazi anapanda ngazi bila mkongojo na amekufunga karata mara tatu. Mkamzika wiki iliyofuata.

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Mara zote mbili kifo kilikuja kitambaa kikiwa kimekwisha kurudi ukutani. Nilimweleza Mama Lenzi, naye akasema wazee hufa, na kwamba nikianza kuwashuku wateja nitahesabu mishono ya nani. Nikaenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta akaniuliza nimekuja kumshtaki mtu, uzi au sindano, wenzake wakacheka mpaka wakashika meza. Sikuwa na kitu mkononi, na kusema kweli ningekuwa mimi nyuma ya kaunta ile ningecheka pia. Nilipotoka nje nikakupigia wewe, na simu yako ilikuwa imeshazimwa.

Jana asubuhi Bi Taratibu alikuja tena. Alikitandaza kitambaa mezani kwangu, akaweka kidole chini kabisa, akasema anataka hizi mbili ziwe nyeusi. Alizungumza kama mtu anayeagiza vifungo. Nilipomtazama, akaeleza kwamba siku hizi huna nguvu, tumbo linakusumbua, na kwamba wewe ni mkaidi, hutaki daktari. Ukaidi nilikubali. Lakini wewe tumbo halijakuuma tangu ulipokuwa mtoto ukala sabuni ukidhani ni jibini, na hata siku hiyo uliomba nyingine. Kama limeanza kukuuma sasa, mdogo wangu, basi usisubiri kumaliza hata barua hii.

Sasa nifike pale nilipokuwa nazunguka tangu nilipokusalimu. Utajiuliza kwa nini wewe. Wewe si wa ukoo, huna unachorithi, na hakuna anayepata chumba kwa kukuondoa. Ni kwa sababu yangu. Siku ile alipokuja kukichukua kitambaa chenye herufi za shangazi, aliuliza habari zako, kama unaipenda nyumba, kama huwa unatusimulia. Nami nilitaka kukusifu. Nikamwambia mdogo wangu ana jicho kali, hakimpiti kitu, hata ameona kwamba matone ya shangazi yanakwisha kabla ya wakati wake, na chupa iliyokwisha ameificha sandukuni mwake amwonyeshe daktari akija. Yale maneno uliniambia mimi, dada yako, tukiwa wawili tu tunaanua nguo. Nikayamwaga pale mezani kama mtu anayeonyesha picha za mtoto wake. Bi Taratibu akacheka kwa upole, akasema nina bahati ya kuwa na mdogo kama huyo, akaniaga. Ulimi hauna mfupa, na wangu sijui niufanye nini. Sikujua ninachokisema, lakini nilikisema, na daktari unayemngoja nadhani hataitwa. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo uninunie hapa nyumbani.

Jana hiyohiyo nilimwambia uzi mweusi umekwisha. Ulikuwa uongo wa kitoto, kwani droo ilikuwa wazi na mabunda ya uzi mweusi yalikuwa yanatutazama sote wawili. Akayaangalia, akaniangalia mimi, akasema hakuna neno, alijifunza mshono huu utotoni na atazitia mwenyewe nyumbani. Akakikunja kitambaa akaenda nacho. Nilimkimbilia mpaka mtaani nikimwomba aniachie, nikamwambia nitapata uzi leo leo. Akanipigapiga bega, akasema taratibu. Herufi mbili ni kazi ya jioni moja, hata kwa mkono mzito.

Kwa hiyo usiende sebuleni kuhakikisha. Ukikuta kimerudi ukutani, hutakuwa umejua chochote zaidi ya ninachokuambia, na utakuwa umempa nafasi ya kukukuta umesimama pale. Ichukue ile chupa kama bado ipo, uitie ndani ya nguo yako. Kama haipo, usiitafute. Usifungashe nguo, usimuage, usimwachie ujumbe. Toka kwa mlango wa nyuma umebeba kapu la mashuka machafu kama unampelekea dobi. Yuko uchochoroni na mkokoteni wake, nimemwomba ajifanye gurudumu limemharibikia mpaka atakapokuona. Mtu mwema yule, hakuuliza hata swali moja, alisema tu kwamba mashuka ya nyumba hiyo yamekuwa yakimpa kazi kubwa. Akikupandisha juu ya mzigo, panda, na maringo yako utayachukua siku nyingine. Ukifika tutakwenda kituoni pamoja na hiyo chupa, na yule askari atacheka tukiwa wawili.

Mama anakusalimu sana. Sijamwambia lolote. Anadhani nimekuandikia kukuuliza utakuja lini, na amenituma nikukumbushe kwamba kitanda chako ameshakitandika. Majirani wote hawajambo, isipokuwa wale anaowasema.

Barua hii usiijibu. Nikipata jibu lenye mwandiko wako sitaamini kama ni lako, na nikipata lenye mwandiko wa mtu mwingine sitalifungua. Nimeketi dirishani tangu alfajiri, na sitaondoka hapa mpaka nikuone unakuja.

Ni mimi, dada yako