Kaburi Lako Nililolipigia Hesabu

Baba yangu uliyelala chini ya mlima Hanang,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo umezoea.

Katika watoto wote uliowazaa hakuna mwenye bahati kama mimi. Nimekula vumbi la Tunduma, nimelala Dar juu ya magunia ya vitunguu nikiwa utingo wa lori, nimerudi na viungo vyote. Nikaingia chuo cha ufundi huko Mbulu, mimi wa kidato cha nne cha kuungaunga, nasomea umeme na watoto wanaoniita anko. Na mtihani wa marudio wa kalkulasi ulipogongana na siku ya kufunga kaburi lako, chuo kikausogeza. Kwa ajili yangu! Nimeufanya wiki iliyopita, nimefaulu, leo niko kwako. Wengine wanafunga na kusali, mimi mambo yananyooka yenyewe.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la kwanza, nikasimama mlangoni mwa zizi ng'ombe wakiingia, nikaanza kuwahesabu kwa sauti ili uone shule inafanya kazi? Uliniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya maziwa na moshi. Hukunipiga. Uliinama ukaniuliza, "Unamhesabia nani?"

Nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu mifugo haihesabiwi. Mwenye macho anajua nani hajarudi, yule mwekundu wa pembe iliyopinda, yule wa kengele iliyopasuka. Ukihesabu kwa sauti kuna anayesikia, naye anakuja kuchukua chake.

Ulipougua uliniita, nikadhani unataka maji. Ukasema, "Wakinifungia kaburi, utapanda wewe. Kaka zako wamenenepa." Tukacheka mpaka ukakohoa.

Na wewe unayeisoma barua hii begani kwangu, elewa: kwetu mzee aliyeheshimika hafukiwi akasahaulika. Ukoo unamjengea kaburi la kwenda juu, kwa miti, udongo na samadi, tabaka juu ya tabaka, miezi inapita. Siku ya kulifunga, mtoto mmoja anapanda kileleni na majani mabichi. Baba alinitaja mimi.

Sasa baba, sikia lililonipata darasani. Mwalimu wetu wa kalkulasi, mama mmoja wa huko huko Mbulu, alichora mstari uliopinda, akauzungusha, likatokea umbo kama kichuguu. "Tunalikata tabaka moja moja," akasema, "nyembamba mpaka zinakaribia kuwa si kitu, halafu tunajumlisha zote. Huo ndio ujazo wake."

Nikakuta mkono wangu uko juu. "Mwalimu, hilo nalijua. Ni la baba."

Darasa likaangua kicheko. Paskali, jirani yangu wa dawati, akanichokoza, "Wewe Mbarbaig utakokotoa nini, na kwenu hata ng'ombe hawahesabiwi?"

"Sisi tunawajua kwa sura, shemeji. Hesabu wewe wa mbuzi watatu, akipotea mmoja umefilisika."

Wakacheka zaidi. Nami kwa kupenda sifa nikachukua vipimo vya kaburi lako, nilivyopiga kwa hatua nilipokuja likizo, nikaweka kimo litakachofikia likifungwa, nikakokotoa. Jibu likatoka. Mwalimu akaweka vema. Ndipo nikaisikia nyuma yangu, taratibu, kengele iliyopasuka. Na sauti yako: "Unamhesabia nani?"

Nikageuka. Ukuta.

Tangu hapo hukuniacha. Wenzangu wanaunga waya maabara, mimi nanusa samadi mbichi. Mwalimu akieleza namba inayokisogelea kitu bila kukifikia, nawaza ni wewe huyo: unakuja, unakuja, hufiki, huondoki. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula swali la umbo lile lile likatoka. Nililijua, haki ya Mungu. Nikashika kalamu, kengele ikaanza mlangoni. Nikarudisha karatasi nyeupe kama chumvi ya ziwa Balangida wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana nikapewa marudio. Kisha kaka akapiga simu: wazee wamepanga kukufungia siku ile ile. Nikaenda kwa mwalimu. Akavua miwani.

"Pole sana. Lakini siku haibadiliki. Usipotokea, ndiyo umeondoka chuoni."

Paskali akasema, "Si apande kaka yako? Mzee atajuaje?"

"Mzee huyu? Atajua."

Lakini si nimeshakwambia nina bahati?

Nikachukua basi la kupitia Haydom, kengele inalia kiti cha nyuma yangu safari nzima. Kaka alinipokea Katesh. "Umekonda wewe! Hiyo kalkulasi hailiwi?"

"Yenyewe ndiyo inakula watu."

Leo asubuhi nimepanda. Udongo wa juu bado mbichi, vidole vya miguu vikazama ndani yako. Akina mama walikuwa wanaimba chini. Nikaweka majani kileleni, mlima mgongoni, Balangida mbele, nikasimama nikisubiri uniulize. Safari hii nilikuwa na jibu: nakuhesabia wewe, baba, nisije nikakupoteza.

Hukuuliza. Kengele imenyamaza. Watu wameondoka, mimi nimebaki hapa chini yako, sikio nimelitega, na kimya hiki kinanitisha kuliko ulivyokuwa ukinijia.

Nenda, baba. Kama huko kuna zizi, kaa mlangoni uwatazame wakiingia. Mimi bado nageuka nyuma.

Na ile bahati niliyoanza nayo, ni uongo. Mtihani haukusogezwa. Wenzangu wameufanya leo asubuhi, nikiwa juu ya kaburi lako. Sina chuo tena.

Mwanao wa miguu myepesi