Sahani za Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini hujambo, shemeji na watoto hawajambo, na kile kikohozi kimekuachia. Huku sisi wazima, isipokuwa goti la Baba, ambalo lina manung'uniko mengi kuliko mwenyewe.

Mizani yako ilifika salama. Kama ujuavyo, daktari alikataa kulipasua goti mpaka Baba ashuke chini ya kilo tisini. Basi kila siku saa saba mchana nafunga duka langu la kinyozi, nakwenda kwake, naweka bakuli juu ya mizani, napakua wali mpaka isome mia mbili, maharage vivyo hivyo, namimina sahanini, kisha naandika kalori daftarini. Mzee halalamiki. Tunakula pamoja akinisimulia vituko vya wateja wa buchani kwake, na jinsi Mama alivyomsumbua enzi za uchumba. Tangu Mama atutoke alikuwa akila peke yake na redio.

Kwa miezi miwili amepungua kilo kumi na moja! Upasuaji ni Jumanne. Nesi alilisifu daftari langu, nami nikavimba kichwa.

Lakini mficha uchi hazai, Dada. Nesi aliniuliza kama huwa nairudisha mizani kwenye sifuri baada ya kuweka bakuli. Sikuwahi. Nilipolipima, bakuli tupu lilikuwa gramu tisini. Yaani kila nilipoandika mia mbili, Baba alikula mia na kumi. Nimemshindisha mzazi wangu njaa huku nikijipongeza. Niliona aibu sana.

Nikaenda kumwomba radhi. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema ameuza nyama miaka arobaini, mkono wake haudanganyiki. Siku ya kwanza tu aliinua sahani akajua imepunjwa. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema aliogopa nitakata tamaa, nirudi kula kwangu. Njaa anaivumilia, alisema, ila kula peke yake kulimshinda.

Jana nilimpimia sawasawa. Alishindwa kumaliza, akanisogezea nusu, tukala sahani moja.

Sijamwambia bado, lakini goti likipona nitaendelea kufunga duka saa saba.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mwombee Baba Jumanne, na ukipata nafasi uje.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba