Benchi la Darasa la Kwanza

Mdogo wangu,

Huku tunapumua, ila goti la mama linamsumbua. Chuo chetu kimekua. Kile chumba kimoja ulichojifunzia kupiga randa sasa ni maegesho ya magari, na pembeni kuna ghorofa tatu.

Unakumbuka kila darasa la useremala lilipomaliza lilichonga benchi la kuwaachia wanaofuata, likaandika majina chini yake? Mabenchi yalifika ishirini na sita. Juzi, siku ya kufungua ghorofa, kuni zilipungua jikoni. Mkuu wa chuo akaniambia kwa upole, "Fundi, yapasue wewe, mbao unazijua." Nikayapasua. Lenu, la darasa la kwanza, lilikuwa kaidi kama wewe. Viungo havikuachia mpaka nikachukua nyundo. Jina lako lilikuwa linasomeka bado. Wageni walikula wakashiba.

Useremala umefutwa. Mimi wamenipa geti, nafungua na kufunga. Ile nafasi ya ualimu niliyokuahidi haipo tena. Maji yameshamwagika, hayazoleki. Usiache kazi huko.

Mama sijamwambia. Kila asubuhi anafagia chumba chako, na goti lake hilohilo.

Kaka yako wa getini