Ukuta wa Ami na Kosa la Ukingoni

Mpendwa Bi Kazija, shikamoo. Naomba unisaidie upesi maana Jumamosi fundi Manase anakuja na nyundo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nasomea kutabiri nyufa kwa kompyuta, kwa njia ambayo kila chembe ya ukuta inavutana na majirani wote walio ndani ya umbali fulani, si wale wanaogusana nayo tu, basi nikauchukua ukuta wa mawe wa baraza ya Ami yangu hapa Pangani, alioujenga mwenyewe, marehemu mkewe akimpokeza mawe, nikauingiza kwenye kompyuta, ikaonyesha kingo zote dhaifu, nami kwa kiherehere nikamwambia utaanguka. Hakubisha. Aliupapasa, akasema, "Msomi wetu kashasema, mie n'nani nibishe?" Juzi nikagundua nimekosea: chembe za ukingoni zina majirani upande mmoja tu, kwa hiyo hesabu huziona dhaifu hata zikiwa nzima, tena pale ukuta unaposhikwa na msingi nilibana mstari mmoja wa chembe, kumbe ilipasa nibane tabaka zima. Ami ameshanisifu mbele ya msikiti mzima, naona aibu hadi nimewaza ninyamaze uvunjwe tu. Nifanyeje?

Msomi Mwenye Aibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza bila miwani. Pole. Kukosea hesabu si dhambi, na ulivyolitafuta kosa lako mwenyewe nimekupenda. Ila hilo la kunyamaza limenikera! Umvunjie mzee kumbukumbu ya mkewe ili wewe ubaki msomi?

Nenda kwake leo, uso kwa uso, useme umekosea na kazi isimame. Usimwapie kwamba ukuta ni mzima, hilo bado hulijui. Nimemuuliza Mwalimu Yakoub, aliyefundisha uhandisi miaka mingi: pale panaposhikwa na msingi ongeza tabaka la chembe za kubuni, lenye unene sawa na ule umbali wa ujirani, ulibane lote, kingo zilizo huru zisahihishe nguvu zake. Kisha mlete mhandisi aukague ukuta wenyewe.

Atanuna? Kidogo. Anakupenda kuliko huo ukuta, ndiyo maana hakubisha.

Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumatano. Jina lako nimelificha, ukuta sikuweza, na gazeti linafika Pangani Ijumaa asubuhi. Ami yako asije akayasoma haya kabla hujamwambia.