Mama Mkwe, Matunda Sasa Yanaanguka kwa Mwendo Wetu

Mama mkwe mpendwa,

Natangaza rasmi, mbele ya ukoo wenu wa upande wa Kongo na ukoo wetu wa Dranya, mbele ya wazee, mashemeji na majirani wote wenye masikio, kwamba tunda limepunguzwa mwendo. Halitakimbia tena. Kuanzia sasa litaanguka kwenye televisheni yenu huko Amerika kama lilivyokuwa likianguka hapa Koboko, bila haraka, kama kitu kinachojua kwamba kapu liko chini na haliendi popote. Mwenye pingamizi aseme sasa.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Furaha, binti yako, atakusomea, na yeyote atakayekuwa sebuleni asikilize. Barua iliyofungwa kwa gundi, inayotoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe, ni jambo la kuitishia kikao.

Watu wananiuliza kwa nini nisikupigie tu simu ya video. Wanasema ni rahisi, unabonyeza na uso unatokea. Ndiyo shida yenyewe. Miaka yote tumekaa ua mmoja na sijawahi kukutazama usoni. Ukipita njia hii, mimi nina kazi ya haraka njia ile. Sijala mbele yako hata ndizi. Leo niukute uso wako umejaa kiganjani mwangu, na wangu umejaa ukutani kwa Furaha? Kwenu na kwetu tunatofautiana mambo mengi, lakini kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani, kwa hilo hakuna mpaka.

Ndiyo maana nakumbuka vizuri siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimeokota ile kompyuta ya zamani kwenye rundo la vyuma chakavu sokoni Arua, ile ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi, nikaiunganisha kwenye televisheni ya marehemu mzee, mumeo. Neema, mke wangu, aliniambia umekwenda kuuza vitenge. Kumbe umerudi. Ukaingia, ukakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na mimi nikawa mfungwa: nikisimama lazima nipite mbele yako, nikigeuka lazima nikuone. Nikabaki nimekikodolea macho kioo cha televisheni kama mtu anayesubiri hukumu. Na wewe ukakikodolea.

Baada ya muda mrefu ulikohoa, ukaiambia televisheni: "Hii kitu inafanya nini?"

Nikaijibu televisheni: "Inadaka matunda kwa kapu, mama."

"Yeye peke yake?"

"Wanaweza kuwa wawili."

Kisha mkono wako ukatokea pembeni yangu, kiganja wazi, kikielekea kishikio cha pili cha kuchezea. "Lete ile ingine."

Mama, sijui nani alitunga mila yetu, lakini huyo mtu hakufikiria televisheni. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega jioni nzima, wanaongea, wanacheka, wanatukanana kidogo, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilitafuta kosa katika jambo hilo sikuliona, na nilitafuta kwa bidii.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa rangi. Mchezo ulitaka mtu adake tunda jekundu, lililoiva, aliache la kijani. Lakini televisheni ile mzee aliinunua Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na televisheni za Kongo zilifundishwa rangi kwa mfumo wa Wafaransa, wakati kompyuta yangu ilituma rangi kwa mfumo wa huku kwetu. Picha zilipita, hamsini kila sekunde, huku na huku sawa. Rangi ndizo zilizokataa kuvuka. Mawese yanavuka, vitenge vinavuka, wewe mwenyewe ulivuka na mtoto mgongoni, lakini nyekundu ikakwama.

"Televisheni," ukasema, "uliza huyu kijana: hii tunda iko mubichi ao iko mubivu?"

"Jekundu limeiva, mama. La kijani bichi."

"Nyekundu iko wapi? Yote iko majivu!"

Nikapendekeza tutafute televisheni nyingine, ya mfumo wa Uganda. Ukasema ya mzee haitoki. Jinsi ulivyosema, hata mimi niliyekuwa natazama mbele nilijua nisiulize tena. Kwa hiyo ilibidi mchezo ndio ubadilike. Nikakaa na ile programu siku nyingi, nikitafuta pale matunda yalipochorwa, nikajaribu kutia mistari, nikajaribu kutia duara. Vyote vilionekana kama ugonjwa. Ni wewe uliyesema, ukiwa unachambua maharage na kuonekana kama husikilizi: "Ndege haikosei. Ndege inadonoa tu ya kuiva."

Nikachora alama ya kudonolewa ubavuni mwa tunda lililoiva. Basi. Tangu siku hiyo sikukushinda tena.

"Televisheni, ambia mukwe aache kulala."

"Televisheni, mwambie mama anasogea upande wangu."

"Ambia yeye kapu iko na miguu. Ya kwake tu ndiyo iko na rumatizimu."

Kisha miguu yako mwenyewe ikaanza kuvimba, na Furaha akakuchukua ukatibiwe huko. Siku ya kuondoka nilisimama nyuma ya gari, upande usiouangalia. Nilisikia ukiuliza kama mizigo imefungwa vizuri. Ni mimi niliyeifunga. Nilifikiri ningesema neno, lakini hapakuwa na televisheni karibu.

Miguu ikapona, tulishukuru Mungu kanisani. Ndipo Furaha akanitumia ujumbe wa sauti. "Shemeji," akasema, "mama anakaa tu. Nikirudi kazini namkuta palepale nilipomwacha. Namwuliza, mama unataka nini? Anasema amechoka. Amechoshwa na nini, hajanyanyua hata kikombe." Nikausikiliza, nikaurudia. Kisha nikaenda kutafuta bisibisi.

Kwa faida ya watakaosomewa barua hii wasiojua ninachofanya: mchezo wetu niliuhamishia kwenye kibao kidogo cha kompyuta, kama kiberiti, kinachokula umeme wa chaja ya simu. Nikampa kijana wa ukoo aliyekuwa anasafiri kwenda kusoma huko. Kikafika, Furaha akakichomeka, na televisheni ikasema hakuna kitu. Nyeusi tii. Huko kwenu televisheni zimezoea picha sitini kwa sekunde. Ukiipa hamsini haikwambii "samahani, sijazoea." Inajifanya haijakuona, kama mimi ninavyofanya ukipita.

Nikaandika toleo la sitini, nikamtumia Furaha kwa mtandao. Picha ikatokea. Lakini mchezo huu haujui saa. Unajua kuhesabu picha tu: kila picha ikija, tunda linashuka hatua moja. Picha zikiwa nyingi, tunda linakimbia. Na kwa kuwa picha za huko zina mistari michache kuliko zetu, sehemu ya chini ikakatwa, makapu yote mawili hayaonekani. Furaha akaniletea maneno yako: "Ambia mukwe, huku hata matunda yanakimbia kwenda kazini." Akaongeza kwamba ulicheza hivyohivyo, bila kuona kapu lako, na ukamfunga mjukuu wako hadi akalia.

Nilicheka peke yangu jikoni. Ulikuwa umesema sentensi nzima.

Nikapandisha makapu juu. Kisha nikauambia mchezo: katika kila picha sita, moja pumzika. Nilipima kwa saa, ikawa sawasawa na Koboko. Nilijisifu kwa Neema, nikajisifu kwa jirani ambaye hakuuliza. Jibu lako likaja: "Tunda iko na kwikwi."

Nilitaka kukataa. Nikatazama tena kwa makini, na kweli, lilikuwa linashtuka kidogo linaposhuka, kama mtu aliyekunywa maji akakabwa. Saa haikuliona hilo. Wewe uliliona ukiwa upande wa pili wa dunia, na miwani ya zamani.

Hapo ndipo nilipokasirika, Mama, kwa namna nzuri. Nikasema tunda hili litashuka kama linavyotakiwa au nitaacha kuitwa mkwe. Nikaupekua mchezo wote. Kila kinachotembea nikakipa hatua mpya, ndogo kidogo, inayofaa picha sitini, pasiwe na kupumzika wala kushtuka. Matunda, makapu, hata ule wimbo mfupi wa mwanzo, noti moja moja. Tangu toleo la kwanza la sitini televisheni ya mzee hainisaidii, ukiipa sitini picha inapanda juu kama moshi. Kwa hiyo kila nikibadilisha kitu, napanda gari hadi Arua kwa Asiku, mwenye banda la kuonyesha mpira, ambaye televisheni yake inakubali mifumo yote.

"Wewe mutu," Asiku akaniambia, "umetoka Koboko na vumbi yote hiyo, umekuja kuangalia tunda?"

"Mama mkwe hajaridhika."

"Mama mkwe gani anaridhika?" Lakini aliniwashia.

Wiki iliyopita nilikwenda na Neema. Yeye hajawahi kushika huo mchezo. Jioni zile zote alikuwa chumba cha pili anapika, anasikia tu ile milio ya kapu likidaka, na wewe ukinisema. Nikamwambia asiangalie kioo, asikilize. Akaona ni upuuzi, akafumba macho hata hivyo. Nikaanza kucheza. Akasema, "Haraka." Nikarekebisha. "Bado haraka." Asiku naye akasogea, akaacha kutucheka. Nikarekebisha tena.

Vidole vya Neema vikaanza kwenda pajani, kama anayekoroga kitu.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena. Hapo mama yuko sebuleni."

Asiku akajifanya anatafuta rimoti.

Kwa hiyo mama, kazi imekwisha, na hili ndilo ninalotaka ulijue. Sikuifanya ili nijulikane kuwa fundi. Hapa Koboko wanajua mimi ni mtu anayelehemu waya tu. Nimeifanya kwa sababu sina njia nyingine ya kukuambia kwamba ua umekuwa kimya, na kwamba napita mbele ya mlango wako moja kwa moja, sizunguki, na sijazoea. Ukae hapo mbele ya kioo, Furaha aketi kando yako, na jambo lolote unalotaka kuniambia uiambie televisheni. Furaha ataleta. Nitajibu kwa njia hiyohiyo. Na ukiona tunda limeshtuka hata kidogo, sema. Nitapanda tena gari la Arua. Nitapanda mpaka Asiku anifukuze.

Mchezo mpya nimeutuma leo asubuhi, na barua hii inaufuata. Neema anakusalimia sana. Na mimi nakusalimia, nikiwa nimetazama pembeni.

Mkwe wako,
Baba wa wajukuu zako wa Koboko

N.B. Furaha amejibu sasa hivi. Televisheni ya ukutani iliharibika, wamenunua nyingine. Inakubali hamsini na sitini, hata mchezo ule wa kwanza wa Koboko bila kuguswa.